Kamera Mikononi mwa Watoto Wetu

(Maneno ya mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa, mjini Karatu, baada ya sala ya Alasiri)

  



Nimetakiwa nieleze kwa nini madrasa ya Qur'ani inataka kuwafundisha watoto upigaji picha kwa kamera za dijitali, jambo ambalo baadhi yenu mmelipokea kwa mshangao na wengine kwa hasira. Nitaeleza, inshaallah. Lakini sioni uso wa kuanza na faida zake kabla sijalipa deni, maana jambo hili halikuanza na fikra njema ya mwalimu. Lilianza na kosa la mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni mimi.

Picha iliyotufisha tungali hai

Miaka miwili nyuma walitufikia wageni waliosema wanapenda kuisaidia madrasa kwa madawati na vitabu. Wakaomba picha ya wanafunzi. Nikawapanga watoto ukutani, wavulana kwa kanzu zao, wasichana kwa mitandio yao, misahafu mikononi, nikawapiga picha kwa simu yangu na kuituma jioni ile ile. Sikumuuliza mzazi hata mmoja. Niliona ni jambo dogo mno: watoto wasafi, wanatabasamu, wamebeba kitabu cha Mola wao, basi kuna ubaya gani?

Madawati hayakuja. Baada ya miezi kadhaa akanijia mzee mmoja katika nyinyi, ambaye kazi yake ni kuendesha magari ya watalii, naye amenipa ruhusa niyasimulie haya bila kumtaja jina. Mgeni mmoja aliyempeleka kreta alisahau kipeperushi kitini. Mzee alipokiokota ili amrudishie mwenyewe, akauona uso wa binti yake. Chini ya picha palikuwa na maneno ya Kiingereza, na mzee huyu Kiingereza anakijua kwa sababu ndicho anachopatia riziki. Maneno yale yalisema kwamba hawa ni mayatima wa Ngorongoro wasio na mtu duniani, na kwamba mwenye huruma atoe chochote.

Alinijia baada ya Isha. Hakupaza sauti. Aliweka kile kipeperushi juu ya jamvi mbele yangu, akauliza: "Ustadhi, hebu nieleze. Mimi nimekufa lini?"

Ndugu zangu, nimekaa miaka sita mbele ya wanazuoni Khartoum nikiulizwa masuala ya nahau na ya usuli, na sijapata kukosa jibu kama nilivyolikosa usiku ule. Nilisema tu, "Baba, nisamehe." Akaniambia, "Mimi nimekwisha kukusamehe. Mama yake bado." Na binti yule hakuonekana darasani muhula mzima.

Hebu liangalieni jambo hili kwa makini. Hakuna aliyeichezea picha ile. Nyuso zilikuwa ni nyuso zao, ukuta ulikuwa ni ukuta wetu huu, hata tabasamu zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa katika mstari mmoja wa maneno chini yake, na mlango ulioupitisha uongo huo niliufungua mimi kwa kutouliza. Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya hiyo nimeisomesha mara nyingi. Siku ile sikufikiri kwamba picha nayo ni habari, wala kwamba anayeipeleka ni mpeleka habari.

Mji uliozoea kutazamwa

Sisi tunaoishi katika wilaya hii tuna hali ambayo Waislamu wa Singida au wa Lindi huenda wasiifahamu upesi. Barabara inayotoka Makuyuni, ikapanda bonde la ufa pale Mto wa Mbu, ikapita Rhotia na kukata katikati ya mji wetu kuelekea lango la Lodoare, ni barabara ya kamera. Kila siku msimu wa wageni unapofika, magari hupita na lenzi zikiwa madirishani. Humpiga picha mama aliyebeba kuni, huipiga ng'ombe wa jirani, huwapiga watoto wetu wakirudi shule. Ndani ya hifadhi kule, vijana wa Kimasai waliotoka jandoni, nyuso zao zikiwa zimepakwa weupe, husimama kando ya njia wakingoja gari lisimame ili walipwe kwa kupigwa picha. Kule Mang'ola, kando ya ziwa Eyasi, ndugu zetu Wahadzabe huamkiwa alfajiri na wageni wenye kamera. Mtoto wa huku hujifunza mapema kwamba uso wake una bei, na kwamba anayeipanga bei hiyo amekaa ndani ya gari.

Jambo hili si geni. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, na mwezi Januari wa mwaka huo huo Mjerumani kijana, Michael Grzimek, mwenye umri wa miaka 24, alifariki dunia ndege yake iliyopakwa milia ya punda milia ilipogongana na tai mzoga. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani na kutengeneza filamu. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kaburi la Michael lipo pale ukingoni mwa kreta, wenye magari mnalipita. Sina sababu ya kuwabeza watu walioifia kazi yao, na wanyama wale ni katika ishara za Allah. Ninachosema ni kwamba tangu wakati huo dunia imeijua nchi hii kwa picha ambazo nyingi hazikupigwa na mwenyeji wake, na mwenyeji amebaki pembezoni mwa picha au amekatwa kabisa. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Wajukuu wao watakapouliza boma la babu lilikuwaje, wataonyeshwa picha ya nani?

Kwa hiyo fikra ilinijia katika majuto yale: ikiwa watoto hawa watapigwa picha tutake tusitake, basi afadhali wajue kamera hufanya nini, wajue kukataa, na wajue kuishika wao wenyewe kwa adabu. Na msidhani kwamba tukinyamaza hawatajifunza. Simu za kaka zao zimekwisha kuwafundisha. Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja alimpiga picha mwenzake aliyeteleza kwenye tope, mtandio umemvuka, na kabla ya Magharibi picha imefika simu za watu Mto wa Mbu. Yule mvulana si mwovu. Hajapata tu kuambiwa na mtu yeyote kwamba kidole kinachobonyeza kitaulizwa.

Ama kuhusu hukumu yake

Najua swali ambalo baadhi yenu mmelishika tangu nilipoanza, nalo ni swali la haki. Hadithi za kukemea utengenezaji wa sura za viumbe wenye roho ni sahihi na ni kali, na hakuna Muislamu wa kuzifanyia mzaha. Hitilafu ya wanazuoni ni je, picha ya kamera imo ndani ya makemeo hayo?

Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala nzima akisema kwamba kamera haiumbi wala haiigizi uumbaji. Huzuia kivuli tu, mfano wa kioo kinachokushikia sura yako. Sheikh Abdulaziz bin Baz na Sheikh Nasiruddin al-Albani, Allah awarehemu wote wawili, walilikataa hoja hilo na hawakuruhusu ila penye dharura au haja, kama vile vitambulisho. Sheikh Muhammad bin Uthaymin aliona kwamba picha inayotoka kwa mashine, bila mkono wa mtu kuichora, siyo taswira iliyokatazwa kwa dhati yake, isipokuwa hukumu yake hufuata kusudio lake: likiwa haramu, nayo ni haramu.

Mimi katika hili nimeelemea kauli ya mwisho. Hata hivyo, sikuja kumlazimisha mtu mzima aiache kauli ya sheikh anayemwamini kwa sababu ya darasa la watoto. Njia tuliyoichukua ni hii: muhula wa kwanza wote, mtoto hapigi picha ya chochote chenye roho. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza sura ajishughulishe na miti na visivyo na roho, na katika hilo wale wenye msimamo mkali na wenye msimamo mpana wanakutana. Anayetaka mwanawe aishie hapo, ataishia hapo, na hatakuwa amepungukiwa na elimu kubwa, kama nitakavyoonyesha.

Tulivyosomesha

Tumefanya majaribio kwa miezi mitatu, watoto kumi na wawili, kwa idhini ya maandishi ya wazazi wao. Tuna kamera ndogo tatu zilizokwisha kutumika, tulizozinunua Arusha. Lakini wiki mbili za mwanzo hazikutoka kabatini.

Tulianza na chumba. Tulifunga madirisha ya darasa, tukaziba nyufa kwa magunia, tukaacha tundu moja dogo kama punje ya mtama katika bati la dirisha linaloelekea barabarani. Watoto walikaa gizani mpaka macho yakazoea. Kisha mmoja akapiga kelele, kwa sababu juu ya ukuta wa pili alikuwa ameiona barabara: mti wa mjakaranda umesimama kichwa chini, anga iko sakafuni, na gari la watalii linapita matairi juu. Sikuwahi kuliona darasa langu likiwa na utulivu kama ule, hata mbele ya mkaguzi.

Hapo ndipo nilipowatajia Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040. Katika Kitabul-Manadhir alithibitisha kwamba jicho halitoi mwale kwenda kukishika kitu, kama walivyodai baadhi ya Wayunani, bali mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Alitumia chumba cha giza kama chetu: aliweka taa kadhaa nje ya tundu, kila moja ikatoa doa lake ukutani, na alipoifunika taa moja, doa lake tu ndilo lililotoweka. Akajua kwamba miale hupita mahali pamoja bila kuchanganyika, kila mmoja ukienda moja kwa moja. Ndiyo sababu ile barabara yetu ilipinduka: mwanga wa juu huingia tunduni na kushuka, wa chini huingia na kupanda. Neno kamera lenyewe, katika Kilatini, maana yake ni chumba. (Wapo wanaoeneza kwamba limetokana na Kiarabu. Tusijipambe kwa kisichokuwa chetu, tulichonacho kinatosha.)

Baada ya hapo kamera ya dijitali ikawa rahisi kuieleza. Ni chumba kile kile cha giza, tundu limewekewa kioo, na mahali pa ukuta pamewekwa kibamba kilichogawanywa vijisehemu vidogo sana, kila kimoja kikipima mwanga uliokifikia na kuuandika kwa tarakimu. Kamera ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi wa Kodak aitwaye Steven Sasson. Ilikuwa na vijisehemu 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na kuihifadhi picha moja katika kanda ya kaseti ilichukua sekunde 23. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wako ina vijisehemu milioni nyingi, na haichukui hata kupepesa jicho. Wepesi huo ndio neema yake na ndio balaa yake. Zamani aliyeweka filamu ya picha 36 alifikiri kabla ya kubonyeza, kwani kila mbonyezo ulikuwa fedha. Kwa hiyo tukaweka kanuni: mtoto akitoka na kamera ana picha kumi, hana ruhusa ya kufuta hata moja, na zote kumi tutazitazama pamoja akieleza kwa nini alisimama pale na si hapa.

Mwanzoni walipiga chochote. Wiki ya tatu mmoja wao alileta picha kumi za kitu kimoja: viatu mlangoni mwa msikiti, kuanzia Adhuhuri mpaka jua kuchwa. Ukizitazama kwa mfuatano unajua sala ipi ina watu wengi, siku gani mvua ilinyesha, na nani amepata viatu vipya. Binti mmoja alileta foleni ya ndoo bombani, ndoo tupu kwa zilizojaa, na kivuli kirefu cha asubuhi kikionyesha saa. Hamna uso hata mmoja katika picha ile, na ukiitazama unajua kiu. Mwingine, ambaye kwao ni Mang'ola, alipoenda likizo alipiga mifereji ya mashamba ya vitunguu: mahali maji yanapoingia, na mahali yasipofika.

Mwanga wa kwetu una tabia zake. Tuko karibu na Ikweta, jua la mchana linasimama utosini na kuweka weusi chini ya paji la uso. Kwa hiyo tunatoka alfajiri baada ya darasa, au baada ya Alasiri. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Karatu huingia katika kamera na kuiua, nayo hufungwa katika mfuko wa nailoni. Na juu ukingoni mwa kreta ukungu wa asubuhi huifanya kamera ione weupe mtupu.

Hapo pana somo ninalotaka mlisikie, kwa kuwa lilinigusa. Muhula wa pili, baadhi ya wazazi waliporuhusu picha za watu, mvulana mmoja alimpiga ndugu yake mwenye kanzu nyeupe juani. Kanzu ikatoka vizuri, uso ukatoka kama kaa la moto lililozimika. Akaniuliza: "Ustadhi, mbona kamera inamwona mweusi kuliko alivyo?" Nikamweleza kwamba kamera haina jicho la haki, imefundishwa kudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha kati. Ikiona kanzu nyeupe kubwa hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso ndio unaolipa. Nikamweleza pia kwamba kwa miaka mingi viwanda vya filamu vilisahihisha rangi zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na Kodak nao walikuwa na kadi hiyo. Mashine ilipoonyesha ngozi yake sawasawa, walihesabu kazi imekwisha. Dawa yake mtoto anaiweza: mtoe mtu juani, msogeze kivulini penye ukuta unaorudisha mwanga, au bonyeza kitufe cha kuongeza mwanga mpaka uso uonekane. Siku ile ile alirudi na picha ya nduguye ambayo mama yao ameiomba.

Ruhusa

Upigaji picha wa watu kwetu una mlango mmoja tu, nao ni ruhusa. Suratun-Nuur katika aya ya 27 imetukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Ajabu zaidi ni aya ya 58, ambayo imewalenga watoto hasa, ikawawekea nyakati tatu ambazo hata chumbani kwa wazazi wao hawaingii bila kubisha. Na katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) imekuja wazi kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Ikiwa jicho la mtu, ambalo husahau, linabishiwa mlango, sembuse jicho la mashine lisilosahau?

Kwa hiyo mtoto wetu anatoa salamu kwanza, anajitambulisha ni mtoto wa nani, anasema anachotaka na picha itakwenda wapi, kisha anasubiri. Akiambiwa hapana, anashukuru na kuondoka, na jioni anaandika daftarini alikataliwa na kwa sababu gani. Ukurasa huo nausahihisha kwa makini kuliko picha. Akikubaliwa, akishapiga humwonyesha mwenyewe, na mwenyewe akisema ifutwe, hiyo ndiyo picha pekee inayofutwa. Kisha huandika maelezo ya picha kwa mkono wake na kumsomea aliyepigwa. Neno asilolikubali mwenye uso haliandikwi.

Sisi si wa kwanza kufungamanisha kamera na kalamu. Mwaka 1997 kule Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong pamoja na Jumuiya ya Michezo ya Vijana wa Mathare waliwapa vijana wapatao 30 kamera za bei nafuu, wakapiga picha maisha yao na kuyaandika. Kazi hizo zilitoka kitabuni mwaka 1999 kwa jina la Shootback. Hapa hapa mkoani kwetu, Wendy Ewald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafundisha walimu wa shule za msingi za Arusha kutumia picha katika kusomesha kuandika. Kuna mengi katika njia zao tusiyoyachukua, lakini hili la mtoto kuandika mwenyewe habari ya picha yake tumelichukua kwa furaha, na hekima haina kabila.

Sheria ya nchi nayo imesimama upande huu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Nilipoisoma nilijiona mimi mwenyewe ndani yake, nikiwa nimesimama mbele ya ule ukuta na simu mkononi.

Maneno yaliyonifikia

Nimeambiwa kwamba kamera itawapotezea watoto muda wa kuhifadhi Qur'ani. Hofu hiyo naichukulia kwa uzito, na ndiyo maana darasa ni siku moja kwa wiki, na asiyesikilizisha sehemu yake ya hifdhi hashiki kamera siku hiyo. Nimeambiwa pia kwamba itawafundisha kujipenda na kujionyesha. Watoto hawa picha za kujipiga wenyewe wanazijua tangu wakiwa na miaka minne. Sisi ndio tuliozipiga marufuku darasani, na wakaja kugundua kwamba ukuta wa udongo wakati wa Alasiri unapendeza kuliko wao.

Kuhusu wasichana, wanafundishwa na ustadhati, si mimi, na kadi yao ya kumbukumbu haichanganywi na ya wavulana. Wapo waliosema wasichana waachwe kabisa. Nawauliza: katika harusi zetu, nani anaingia na kamera ukumbini kwa wanawake? Mnamwajiri kijana wa kiume msiyemjua, kisha picha za mabinti zenu zinabaki katika kompyuta yake. Binti aliyefunzwa adabu ya ruhusa angeuziba mlango huo, na angepata riziki ya halali.

Picha zote zinahifadhiwa katika diski moja iliyofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa katibu wa kamati wala si kwangu. Hapana picha inayotumwa nje, kwa mfadhili wala kwa jamaa, ila mzazi ameiona pamoja na maneno yaliyo chini yake.

Karatasi ya idhini mtaipata kwa muadhini mkitoka. Ina mistari miwili, nayo inasimama mbalimbali: wa kwanza unauliza kama mwanao aruhusiwe kushika kamera, wa pili unauliza kama aruhusiwe kupigwa. Mnaweza kukubali mmoja na kukataa wa pili, na mnaweza kukataa yote miwili bila kuulizwa sababu. Aliyekubali leo akibadili rai kesho, aje aseme, picha za mwanawe zitafutwa mbele yake.

Yule binti wa kipeperushi alirudi darasani mwezi uliopita. Karatasi yake ilijazwa na mama yake kwa mwandiko wa kubonyeza sana kalamu. Mstari wa kwanza ameandika ndiyo. Wa pili ameandika hapana, akapiga mstari chini ya neno hilo mara mbili. Jumamosi hii, saa tisa na nusu, atakuwa wa kwanza kukabidhiwa kamera.